Hela ya Matumizi ya Kila Asubuhi

Leo tuzungumze kuhusu chakula cha nyumbani, na ninaomba tuanzie kwenye noti inayoachwa mezani asubuhi, kabla hata jiko halijawashwa.

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, na hata Mwanza, Arusha na Mbeya, baba akitoka kwenda kwenye shughuli zake anaacha hela ya matumizi. Elfu tano, elfu saba, elfu kumi, kutegemea siku imeamkaje. Kama mama naye ana kipato chake, anaongezea. Hela hiyo ndiyo chai ya asubuhi, ndiyo chakula cha mchana cha watoto, ndiyo cha usiku, ndiyo mkaa, na sabuni ikiisha ni humo humo. Kesho inatolewa nyingine. Mwaka unapita kwa mtindo huo. Ukienda kliniki unaambiwa ule mlo kamili, upunguze sukari na chumvi, uongeze mboga na matunda. Ukienda kwenye kikundi unaambiwa uweke akiba. Mama anarudi nyumbani, anaiangalia ile elfu saba, hajui aanze na lipi.

Msimamo wangu nausema mapema usije ukausubiri. Ni kweli chakula kimepanda bei, lakini kinachozifanya familia nyingi za mjini zile vibaya na wakati huo huo zikose akiba ni utaratibu huu wa kutoa hela ya siku. Hela ya siku moja inanunua vitu vya siku moja, na huko ndiko kununua kwa bei ya juu kuliko zote. Mwenye kipato kidogo ndiye anayeuziwa ghali.

Twende dukani. Saa kumi na mbili na nusu jioni, mtoto anatumwa na kichupa kilichokuwa cha maji. "Shikamoo Mangi. Mama anasema umpimie mafuta ya mia tano." Mangi, mwenye duka, anachukua kile kikombe kidogo chenye mpini mrefu, anakizamisha kwenye dumu, anakiinua taratibu mafuta yakichuruzika pembeni, anamimina. Ukikiinua kichupa kwenye mwanga wa taa, mafuta yamefika vidole viwili kutoka chini. Usiku ule yatakaangia kitunguu na nyanya, yataunga mchicha, yameisha. Kesho mtoto anatumwa tena.

Tupige hesabu. Nachukua bei za mfano, maana mtaani kwako zinaweza kuwa juu au chini ya hapo. Tuseme kipimo cha shilingi 500 kina mililita 60. Ukinunua kwa kipimo hicho mpaka lita itimie, umeshatoa zaidi ya shilingi 8,300. Dumu la lita 5, hapo hapo dukani, kwa Mangi yule yule, tuseme ni shilingi 30,000, yaani 6,000 kwa lita. Tofauti ni zaidi ya shilingi 2,300 kila lita, na kwa dumu zima inapita 11,000. Maharage yakiwa shilingi 3,200 kwa kilo, hizo ni kilo tatu na chenji inabaki. Kilo tatu za maharage makavu zina zaidi ya gramu 600 za protini. Familia imetoa hela ya maharage hayo na haijayaona.

Simlaumu Mangi. Amefunga mtaji wake pale, anakopesha, anafungua alfajiri na kufunga usiku, na kuelekea mwisho wa mwezi daftari lake la madeni ndilo linalotuvusha wengi. Ninachosema ni kwamba kupimiwa kidogo kidogo ni huduma, huduma ina bei, na anayeilipa bei hiyo kila siku ni yule ambaye hana cha kuongeza. Fanya hesabu ile ile kwa sukari ya robo, mchele wa nusu, majani ya chai ya mia mbili, mkaa wa kopo. Utakuta hadithi ni moja.

Linaloniumiza zaidi ni kwamba hela ya siku inatuchagulia pia cha kula. Mama mwenye elfu saba na midomo sita anatafuta kwanza shibe, na ana haki. Sembe kilo moja na nusu inaingia kwanza. Maharage yangefaa, lakini maharage yanataka mkaa wa kutosha na saa mbili jikoni, naye ameshuka kwenye daladala saa moja na nusu usiku akitokea Posta. Basi ni fungu moja la mchicha lenye mchuzi mwingi, au chipsi za kufungiwa. Tunda halimo. Yai halimo. Si kwamba hajui umuhimu wake, kwa sababu ukimuuliza atakutajia makundi yote ya chakula bila kukosea. Hela imegawanywa kwa namna ambayo kila siku lazima ianze na shibe, na shibe ikishapatikana hela imekwisha.

Mtoto anayekula ugali mwingi na mchuzi wa nyanya kila siku anashiba, halafu anakosa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano hapa Tanzania wamedumaa. Na mikoa iliyokuwa na hali mbaya kuliko mingine ni Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa ambayo sote tunajua inalisha nchi: mahindi yanatoka huko, maharage, viazi mviringo, maparachichi. Nalitaja hili kwa uchungu, kwa sababu linaonyesha kuwa chakula kinaweza kujaa ghalani na mtoto akadumaa. Kuna suala la mchanganyiko wa chakula, kuna suala la muda wa mama, kuna suala la nani anaamua gunia liuzwe lini na hela iende wapi. Kule ni gunia, huku mjini ni noti ya asubuhi, lakini ndani ya nyumba swali ni lile lile la nani anapanga na anapanga kwa muda gani.

Redio ilishawahi kulishika jambo hili vizuri sana katika nchi hii. Wazee wanaonisikiliza wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973, na baada yake Chakula ni Uhai ya 1975. Watu walikaa katika vikundi kuizunguka redio, vijijini kabisa, wakasikiliza kipindi, wakafungua vijitabu, wakajadili, kisha wakakubaliana la kufanya. Mwaka huo huo wa 1973 ndipo sheria ya kuanzisha Taasisi ya Chakula na Lishe ilipopitishwa. Ninachokithamini zaidi katika kampeni zile ni kwamba mwanamume na mwanamke walikaa kwenye kikundi kimoja, na chakula kikajadiliwa kama jambo la nyumba nzima. Siku hizi kipindi cha lishe kikianza, baba anabadilisha stesheni kutafuta mpira. Naomba leo asibadilishe, maana sehemu inayofuata ni yake.

Kaka yangu, shemeji yangu, wapo kati yenu wanaotoa hela kwa siku kwa sababu wanapata kwa siku. Dereva wa bodaboda, fundi ujenzi, kuli wa sokoni, mchuuzi. Nitarudi kwenu. Lakini wapo wanaolipwa mshahara kwa mwezi na bado wanatoa kwa siku. Nimewauliza wengi, na jibu wanalonipa wakishazoea mazungumzo ni woga. "Nikimpa ya mwezi mzima, itaingia kwenye mchezo, au atamtumia mama yake, halafu tarehe 15 aniambie unga umeisha." Sitakuambia woga huo hauna msingi kabisa. Nitakuambia una dawa. Usitoe hela, toa mzigo. Jumamosi moja baada ya mshahara, nendeni wote wawili Tandale, au soko lolote la nafaka lililo karibu nanyi, mnunue mchele, maharage, mahindi au unga, mafuta, chumvi, sabuni. Mkirudi, hakuna hela ya kuogopewa. Kuna magunia na madumu stoo, na kila mtu ameyaona. Na wewe mwenyewe ukishasimama mbele ya muuza maharage ukasikia bei ya njano na bei ya soya, hutamuuliza tena mkeo kwa ukali hela imekwenda wapi.

Na dada zangu, tuambiane ukweli. Wapo kati yetu wanaoipenda hela ya siku. Ndiyo inayotupatia chenji. Ukipewa elfu kumi, unajibana, unapika cha elfu nane, mbili inakwenda kwenye kikoba. Akiba hiyo ya siri imesomesha watoto, imezika ndugu, imewaokoa wanawake walioachwa bila kitu. Siidharau hata kidogo. Lakini tuangalie inatoka wapi. Inatoka kwenye sahani. Ile elfu mbili ya kikoba ni yai ambalo mtoto hakula, ni chungwa, ni kipande cha samaki. Kama nyumba inaweza kukaa ikakubaliana kwamba mama ana fungu lake la akiba, linalojulikana, linalotolewa wazi mwanzo wa mwezi kama kodi inavyotolewa, hakutakuwa na haja ya kulipunguza kwenye sufuria. Mazungumzo hayo ni magumu. Yapo juu sana katika orodha ya mambo ambayo wanandoa wanayakwepa. Lakini nyumba ambazo nimeona zinakula vizuri kwa kipato cha kawaida, zote zimeshazungumza hivyo.

Sasa nirudi kwa wanaopata kwa siku. Huwezi kununua vya mwezi, hilo liko wazi. Anza na kitu kimoja tu, na mimi ningeanza na mafuta, kwa sababu hayaozi upesi, hayaliwi na panya, na tofauti ya bei yake ni kubwa. Tenga shilingi 1,000 kila siku, kwenye kibubu au kwenye simu, mpaka dumu dogo lipatikane. Likishapatikana, ile mia tano ya mafuta ya kila jioni imeachwa huru. Usiitumie. Ihamishie kwenye maharage. Maharage yakishaingia kwa sado, hela ya maharage ya robo robo ihamie kwenye mchele. Hivyo hivyo, kimoja kinakivuta kingine, bila mtu kukopa na bila mtu kufunga siku hata moja.

Najua utakachoniambia, maana kila ninapolisema hili wanawake wananijibu kwa sauti moja: "Dada, vitu vikiwepo ndani vinaisha haraka." Ni kweli. Dumu likikaa jikoni, mkono unakuwa mwepesi. Kitunguu kilichokaangwa kwa kijiko kimoja kinaanza kuogelea. Jirani anakuja na kikombe. Watoto wanakaanga viazi saa nne asubuhi. Mwisho wa mwezi ulichookoa kwenye bei umekipoteza kwenye matumizi, na juu yake familia imekula mafuta mengi kuliko yanayofaa. Wanawake waliofanikiwa wananiambia wanafanya hivi: dumu linafungiwa chumbani, na kila Jumatatu wanajaza chupa moja ya nusu lita ya jikoni. Chupa hiyo ni ya wiki. Ikiisha Ijumaa, Jumamosi na Jumapili wanachemsha. Kwa unga na mchele ni hivyo hivyo, kipimo kinatoka stoo kwa wiki. Jirani naye anapewa, lakini anapewa kutoka kwenye chupa ya wiki, kwa hiyo moyo unajua ulichotoa.

Niyazungumzie maharage kwa kirefu kidogo, kwa sababu nayaamini. Tunayo ya njano, tunayo ya soya, tunayo meupe na mekundu, na pwani na kusini tunazo mbaazi. Mnakumbuka 2017 India ilipobana uagizaji wa mbaazi, wakulima wa Lindi na Mtwara wakabaki na magunia yasiyo na mnunuzi. Nilisikitika mara mbili: kwa ajili ya mkulima, na kwa sababu chakula kizuri namna ile hatukuwa tumezoea kukila sisi wenyewe kiasi cha kumwokoa. Maharage yakichanganywa na mahindi, protini yake inakamilika, kwa sababu kila kimoja kina kile ambacho mwenzake amepungukiwa. Waliotupikia makande tangu utotoni walitulisha vizuri kuliko tulivyojua.

Tatizo la maharage ni moto. Hapa ndipo akiba na afya zinagombana, kwa sababu ukitumia mkaa mwingi, maharage ya bei nafuu yanakuwa ghali. Kwanza, yaloweke usiku kucha, umwage yale maji, uweke mapya. Yataiva haraka zaidi na gesi tumboni itapungua. Pili, acha kuweka magadi. Yanalainisha kweli, lakini yanaharibu vitamini B1 na kuongeza chumvi mwilini usiyoionja. Tatu, kama nyumba ina umeme na kikundi chenu kinanunua vyombo, fikirieni jiko la umeme la presha. Kwa mteja wa kawaida umeme wa shilingi 10,000 unatoa takriban uniti 28, yaani uniti moja ni kama shilingi 357. Sufuria ya maharage kwenye jiko hilo inakula chini ya uniti moja. Linganisha na mkaa unaoutumia wewe kwa maharage hayo hayo. Serikali imeweka lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi, na sisi tunafikiria gesi tu, wakati kwa vyakula vigumu kuiva jiko la presha linashinda kwa mbali. Halihitaji pia mtu wa kulisimamia, na kwa mama aliyeshuka kwenye daladala saa moja na nusu hilo ni jambo kubwa.

Pika maharage ya siku mbili. Chemsha na chumvi kidogo tu, bila nazi na bila kitunguu, kwa sababu vikishaingia hivyo yanachacha upesi kwa joto letu. Yagawe. Ya leo unga kwa nazi, ya kesho unga kwa nyanya na karoti, watoto hawatasema wamekula kitu kile kile. Kama huna friji, yachemshe tena asubuhi mpaka yatoe mapovu, ufunike, usichovye kijiko kilichotumika.

Kuhusu unga, dona ina faida kuliko sembe iliyokobolewa, kwa sababu kiini na ganda vinabaki. Lakini hapa kununua kwa wingi kuna mpaka wake. Kiini kina mafuta, kwa hiyo unga wa dona ukikaa muda mrefu unachacha na kuwa mchungu. Nunua mahindi kwa wingi wakati wa mavuno, yakiwa nafuu, uyahifadhi yakiwa makavu kabisa kwenye mifuko isiyopitisha hewa, kisha usage kidogo kidogo. Na kabla ya kusaga, mwaga kwenye ungo, kaa chini, chambua. Punje iliyovunjika, yenye ukungu, iliyobadilika rangi, itupe, usimpe hata kuku. Mwaka 2016 sumukuvu, ile sumu ya ukungu, iliua watu Dodoma na Manyara, na waliokufa walikula mahindi kama haya ninayoyazungumzia. Sumu ile haitoki kwa kupikwa. Karanga nazo zichambuliwe hivyo hivyo, hata za kusaga kwenye kisamvu.

Dagaa nitawapitia haraka, kwa kuwa wengi mnawajua. Dagaa mkavu, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, na kwa kuwa analiwa na mifupa yake anampa mtoto madini ya chokaa. Tafuta waliokaushwa kwenye chanja, uepuke waliokaushwa mchangani. Watwange, uwachekeche, mtoto wa mwaka mmoja awekewe kijiko kimoja kwenye uji au mchuzi wake.

Vitu vikavu vikishatoka kwenye hela ya asubuhi, noti ile inabadilika sura. Haihitaji kuwa elfu saba. Inaweza kuwa elfu tatu, na kazi yake inakuwa moja: vitu vinavyooza. Mchicha, matembele, nyanya, bamia, maziwa, samaki wabichi, tunda. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Nyumba ya watu sita ikisikia hivyo inaona ni ndoto. Lakini mafungu matatu ya majani na papai moja kubwa si ndoto kama hela ya siku haijaanza kwa kununua unga. Fuata msimu. Machungwa ya Muheza yakishuka katikati ya mwaka, kula machungwa. Maembe yakijaa kuelekea Krismasi, kula maembe. Osha majani kabla ya kukata, usiyaloweke yakishakatwa, usiyapike mpaka yabadilike kuwa kahawia, na weka kijiko cha mafuta au karanga za kusaga kwa sababu vitamini A inahitaji mafuta ili mwili uichukue. Kisamvu peke yake kipikwe sana, hicho kina sumu kikiwa kibichi. Kamulia limau juu ya maharage na mboga, itasaidia madini ya chuma kuingia mwilini. Na chai nzito isiandamane na mlo, kwa sababu inayazuia madini hayo hayo. Ngoja walau saa moja.

Tukiwa kwenye chai, mwanzoni mwa 2024 sukari ilipoadimika na kupanda bei, niliona nyumba zikipunguza mboga ili sukari isikosekane. Nilihuzunika. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina kama gramu 35 za sukari, karibu vijiko tisa vya chai. Juisi ya kutengeneza nyumbani yenye vikombe viwili vya sukari kwenye jagi haijamwokoa mtu. Sisemi mgeni asipewe soda. Nasema soda ya kila Jumapili kwa watoto wanne ni trei nzima ya mayai kwa mwezi, na watoto wanakua kwa mayai.

Hela ya shule nayo tuiangalie. Mtoto anapewa mia tano au elfu moja, anakwenda kununua barafu za rangi na biskuti. Kiazi kitamu kilichochemshwa, au muhogo, au yai, vikifungwa kwenye kikopo chake, hela ile inaweza kupungua nusu. Ataona aibu mwanzoni. Wakiwa watatu au wanne darasani wenye vikopo, aibu inaisha, kwa hiyo zungumza na mama wenzako wa mtaani muanze pamoja.

Mwisho kuna sinia. Napenda kula pamoja, na sitaki tuliache. Lakini mtoto wa miaka miwili akikaa sinia moja na kaka yake wa miaka kumi, hapati. Mkono wake mdogo, meno yake machache, na nyama imeshakwisha. Mtengee kibakuli chake, akae pale pale kwenye mkeka pamoja na wengine, lakini sehemu yake ijulikane. Mama mjamzito na anayenyonyesha naye apakuliwe mapema, asiwe anayekombea sufuria. Baba akisema neno hilo mbele ya watoto, "Mpakulieni mama yenu kwanza," nyumba nzima inabadilika kwa siku moja, na halina gharama yoyote.

Sasa nina kazi ya kukupa kabla ya Alhamisi ijayo. Chukua chupa tupu ya maji ya nusu lita. Kila utakaponunua mafuta ya kupima, mimina kwanza humo, chora mstari kwa kalamu, kisha ndipo uhamishie kwenye chupa yako ya jikoni. Linganisha mstari na urefu wa chupa, uone kipimo cha mia tano kinaingia mara ngapi kwenye nusu lita. Nitumie ujumbe mfupi wenye mambo matatu tu: mtaa wako, idadi hiyo ya vipimo, na bei ya dumu la lita 5 hapo hapo dukani. Usitaje jina la duka. Tutazisoma jumbe zenu mtaa kwa mtaa, kuanzia Mbagala na Gongo la Mboto mpaka Bunju, na mikoani vilevile, na nitakuwa na mtaalamu wa lishe hapa studio wa kujibu maswali yenu ya maharage na dona. Simu zitafunguliwa saa kumi na moja kamili.